Karatasi ya Nne ni ya Bibi

Jumatatu, 4 Machi

Nimeanza. Mwalimu wa michoro anataka chumba kimoja kwenye karatasi nne, zile nyembamba zinazoonyesha kilicho chini yake. Kila karatasi na vitu vyake. Ukizipanga na kuziinua kwenye mwanga, chumba kinakamilika. Ijumaa mchana zinatundikwa. Atakayepita anabaki chuoni. Mama amesema nisipopita, cherehani yake ya pili haina mtu. Hakusema kwa ubaya – ndiyo maana imeniuma.

Nimechagua chumba cha Bibi. Karatasi ya kwanza: ukuta na ufa wake, dirisha, pazia. Bibi alikuwa kitini akinitazama. Kauliza yeye atakaa wapi. Nikamwambia ya nne, mwisho kabisa.

"Kama mgeni rasmi," akasema.

Jumanne, 5 Machi

Karatasi ya pili: kitanda, kabati, na lile koti linaloning'inia kwenye mlango wa kabati. Hakuna anayelivaa. Mama aliwahi kutaka kuligawa, Bibi akamwambia agawe kwanza cherehani.

Ya tatu: kiti. Bibi alihamia kitandani ili nikichore kikiwa kitupu, akinung'unika kwamba namfukuza kwake.

Nikazibana zote tatu kwa pini za Mama, nikaziegemeza kwenye kioo cha dirisha.

Kuna mtu kwenye kiti.

Sikumchora. Nimetafuta mistari yake mmoja mmoja. Koti limekuwa mabega. Ufa umekuwa shavu. Mkunjo wa pazia, shingo. Basi, ni mistari tu. Lakini nikizitenganisha hayupo, nikizirudisha yupo, na ameinamisha bega la kushoto kama mtu aliyechoka kungoja.

Jumatano, 6 Machi

Nilizificha chini ya godoro. Bibi kaziona zikichungulia, akaniambia, "Kimya, lete hizo." (Yeye ndiye aliyenipa jina hilo, nami sijawahi kulipinga. Ningepingaje?)

Akaziinua mwenyewe dirishani. Nilidhani atacheka.

"Umempatia," akasema. "Ila umemkalisha kwenye kiti changu."

Nikauliza nani. Akanitazama kama vile nimeuliza mlango uko wapi. "Babu yako, mama. Nani mwingine?"

Sijawahi kumwona Babu. Picha yake haipo. Nikaenda kumwonyesha Mama. Mguu wake ukasimama juu ya pedali.

"Nani alikuambia alikuwa anainamisha bega?"

Hakuna aliyeniambia. Ndipo akanieleza, macho kwenye kitambaa. Babu alitoka asubuhi moja, jua kali, akaliacha koti. Akasema atalirudia. Hakurudi, wala hakupatikana wa kuzikwa. Kisha Mama akaanza kushona tena, kwa kasi, na mshono ukaenda upande.

Alhamisi, 7 Machi

Mwalimu amecheka! Karatasi ya pili nilikuwa nimeigeuza. Hizi karatasi pande zake mbili zinafanana, na mimi sikuweka alama pembeni kama alivyotufundisha. Ndiyo maana kabati lilihamia upande wa kiti na koti likaangukia pale. Domo, anayekaa nyuma yangu, kasema nimevumbua nyumba ya kinyumenyume. Darasa zima likacheka na mimi nikacheka. Nilifurahi mno. Kosa! Kosa la kawaida la mwanafunzi!

Mwalimu akasema kazi ni nzuri ila chumba kinamdai mtu. Bila karatasi ya nne hanitundikii.

Nyumbani nikaigeuza ile karatasi, nikazibana upya, nikaziinua.

Kiti kitupu. Kabati mahali pake. Yeye amesimama kando ya kiti.

Nimetafuta mistari yake tena. Koti, ndiyo. Ufa, ndiyo. Lakini kuna mkono umenyooshwa kuelekea kwenye kiti, na huo mkono sikuuona kwenye karatasi yoyote.

Bibi akasogea dirishani kutazama.

"Ameinuka," akasema.

Nikamwambia nitachora chumba kingine, cha Mama, na cherehani zake. Akasema siku haitoshi. Ni kweli, haitoshi. Akasema pia, "Kesho asubuhi nikishaoga. Usinichore na nywele timutimu."

Ijumaa, 8 Machi

Ameoga. Amechana nywele. Kabla ya kukaa alilitungua koti kwenye mlango wa kabati, akaliweka mapajani, limekunjwa vizuri kama nguo ya kumpa mtu.

Nimemchora alivyokaa: miguu, koti, mikono juu ya koti. Nimechora mabega. Kila nikimaliza sehemu naiweka juu ya zile tatu – siwezi kujizuia. Mkono ule unafika begani kwa Bibi barabara. Sikupima.

Nilimwambia tuache. Nikasema cherehani si mbaya, nitazoea. Bibi akasema, "Usiniletee hadithi. Chora."

Mama ameacha kushona. Nasikia amesimama nje ya mlango, haingii.

Naandika hapa pembeni kwa sababu nimeomba kupumzika. Chuoni wanafunga mlango mchana. Umebaki uso tu.

Bibi amefumba macho. Nimemwomba afumbue, nikamwambia siwezi kumchora hivyo. Anatabasamu, na ameanza kuinamisha kichwa upande, pale penye mkono.

"Hivi hivi," anasema. "Chora hivi hivi."