Kopo la Mama Deo

Jumatatu, 7 Julai
Sabasaba, lakini kahawa haijui sikukuu. Nimechuma tangu asubuhi, Upendo nimemwacha nyumbani na wifi. Nimerudi mchana, mtoto amelia mpaka sauti imekauka. Miezi minne tu. Mwezi uliopita kliniki uzito haukupanda. Naogopa maziwa yananiishia.

Jirani yangu Mama Deo kaniletea kopo la unga wa majani, wa kuongeza maziwa. Ananipenda yule. Sijalifungua. Nikinywa mimi, Upendo naye amekunywa.

Jumanne, 8 Julai
Nimeulizia. Karatasi ya kopo: ni wa asili, hauna madhara. Sauti iliyotumwa kwenye kundi letu la akina mama: hauna madhara. Video ya dada mmoja wa koti jeupe: hauna madhara. Mashahidi watatu. Nimeimba nikikoroga uji. Kesho naanza.

Jumatano, 9 Julai
Sijaanza. Mama mkwe kafika kutoka Liuli na usipa mkavu, dagaa wa ziwani kwao. Namwogopa kidogo. Miti ya dawa anaijua. Kwao anayetoa dawa huinywa kwanza mbele ya mgonjwa. Kaona kopo, kachota kijiko, kakoroga, kanywa, kakaa kwenye kigoda kusubiri. Nami nikasubiri. Mwisho nikamwambia, "Lakini mama, wewe hunyonyeshi."

Kacheka mpaka kilemba kikaanguka. "Kweli, mwanangu. Na unga huu siujui. Jani nalijua likiwa mtini. Likishasagwa na wenzake, nitalijulia wapi?"

Sikujua kama anaweza kusema hajui. Nampenda.

Alhamisi, 10 Julai
Nimeandika maneno ya wale watatu kwenye daftari, mmoja chini ya mwenzake. Ni yale yale. Hata "mama atabubujika kama chemchemi" wote wanayo. Namba ya kuagizia ni moja. Kumbe si watatu. Ni muuzaji mmoja kabadilisha kanga mara tatu.

Nimemuuliza Mama Deo kama yeye aliutumia. Hajawahi. Alisikia kwenye kundi. Kainama, nikamshika mkono.

Ijumaa, 11 Julai
Kliniki. Uzito umesimama palepale. Nimelia mbele za watu.

Nesi hakunigombeza. Kasoma karatasi ya kopo, kafungua kitabu kinene, katafuta majani yote manne. Mawili yamo, hayana onyo. La tatu limeandikwa anayenyonyesha asitumie. La nne halimo kabisa. Nikasema basi hilo labda ni salama. "Hapana, mama. Halimo maana yake sijui. Na nisilolijua sikupi."

Halafu kauliza nanyonyesha mara ngapi. Nikahesabu kwa vidole. Vidole vikabaki vingi. Tangu kahawa iive namwacha mtoto asubuhi hadi mchana. Kasema maziwa huja yakinyonywa. Hakunipa dawa yoyote. Kaniambia nirudi wiki ijayo kupima.

Jumatatu, 14 Julai
Mama mkwe kaahirisha safari. Kakaa shambani mwisho wa mstari wa mibuni, Upendo mapajani, kamfunika kanga mbili kwa baridi hii. Kila mtoto akichezesha midomo anaita, "Mama Upendo, mwenye shamba anakutaka." Naacha kikapu naenda. Mama Deo kaja kunisaidia kuchuma upande wangu.

Leo mara tisa. Kopo nilimwachia nesi Ijumaa ile.

Upendo kalala. Tone moja la maziwa limebaki kidevuni. Silifuti.