Swichi Namba Tatu ya Hoteli ya Fungu Jipya

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi, Diani. Jumamosi, tarehe 13 Novemba 1999, saa tatu na dakika kumi asubuhi.

Jina: Ziro Kahaso Baya
Umri: Miaka 66 kwa kitambulisho. Marehemu mama yangu alisema 68.
Kazi: Mtunza jenereta na chumba cha kompyuta, Hoteli ya Fungu Jipya
Makao: Nyuma ya soko, Kona ya Musa, Ukunda
Elimu: Darasa la nne
Mwandikaji: Koplo Mbodze Ngala

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kwa miguu yangu, sikuitwa. Koplo ameniamkia shikamoo nami nimemwitikia marahaba, kwa hivyo adabu imetimia na sasa nasema.

Niliajiriwa hotelini mwaka 1984, kwenye jenereta. Mwaka 1993 zililetwa kompyuta tano, zikawekwa chumba kimoja nyuma ya nyumba ya kufulia: moja ya mapokezi, moja ya simu, moja ya jikoni, moja ya stoo, moja ya mishahara. Si zile za mezani za kuandikia. Hizi ndizo zinazoshika kumbukumbu na kuzigawia zile za mezani, wenyewe huziita seva. Bodi ya umeme iko nje ya chumba, ukutani, na aliyeifunga ni mimi: swichi tano, kila swichi na mashine yake. Ikigoma moja, nailaza, nahesabu pumzi thelathini, naiamsha. Zile nne hazina habari. Hiyo ndiyo elimu yangu yote ya kompyuta, na ilitosha miaka sita.

Iliyopenda kugoma ni ya mapokezi. Mkuu wa mapokezi ni Bi Jumwa Kombe, mjane, miaka 51. Alikuwa akinipigia simu ya ndani: "Mzee Ziro, yangu imelala tena." Nikishaiamsha naenda kumwarifu, naye hunimiminia chai ya tangawizi kutoka chupa yake mwenyewe. Koplo ananiuliza chai inahusu nini na kesi. Nimemwambia aandike tu.

Mnamo tarehe 4 Oktoba 1999 alikuja fundi kutoka Nairobi, kwao Machakos, jina lake Masila Kisilu, miaka 29. Meneja alikuwa anauogopa mwaka elfu mbili, kwamba saa za mashine kuukuu zitadhani tumerudi enzi za babu zetu. Masila alileta mashine moja tu, urefu wake unanifika kiunoni, na programu aliyosema imetoka mwaka huu huu. Akasema zile tano atazihamishia ndani ya hii moja.

Nikamwuliza, "Tano ndani ya moja? Hiyo ni mashine au mimba?"

Akacheka. "Mzee, chuma ni kimoja, lakini mle ndani kila moja inajiona ina nyumba yake. Haijui kama kuna nyingine."

"Hazijuani?"

"Hazijuani kabisa."

"Mimi nilikuwa na wake wawili, mmoja Msambweni mmoja Matuga, na walijuana kabla sijashuka garini. Wewe utawaweza watano chumba kimoja?"

"Hawa hawana majirani wa kuwapasha habari, mzee."

Nilicheka. Sikutaka, lakini nilicheka.

Alihamisha kwa wiki mbili. Kompyuta zangu zikapelekwa stoo, zikapangwa chini ya magodoro mabovu. Swichi nne zikabaki hazina kazi. Mashine mpya ikawa kwenye namba tatu.

Masila hakunidharau, nasema hivyo ingawa linanichoma. Aliniita kwenye bodi akaniambia, "Mzee, hii namba tatu sasa ndiyo roho ya hoteli. Ikizimwa ghafla kabla sijazilaza zote tano kwa utaratibu, zinaweza zisiamke. Betri ya akiba bado iko kwenye sanduku, waya wake unangojewa kutoka Mombasa. Sijamwambia mtu mwingine swichi ni ipi. Nimekwambia wewe."

Nikasema, "Nimesikia."

Tangu hapo hakuna kilichogoma karibu mwezi mzima. Simu yangu ikakaa kimya kama imefiwa, na chai sikuinusa.

Mnamo Alhamisi, tarehe 11 Novemba, saa nne na dakika ishirini asubuhi, nilikwenda mapokezi kubadilisha balbu. Balbu haikuwa imeungua. Nilimkuta Masila ameketi kwenye kiti cha Bi Jumwa. Mpishi akapiga simu kwamba ya jikoni imekwama. Masila hakuinuka hata tako. Alibonyezabonyeza, na kabla sijaikaza balbu yangu, mpishi akapiga tena kusema imeamka, na zile nyingine nne hazikutikisika.

Bi Jumwa akapiga makofi. "Haya, oneni! Mzee wetu angekuwa bado anahesabu pumzi."

Watu wakacheka. Kisha akammiminia Masila chai, kwenye kikombe cha buluu, kikombe changu.

"Nawe mzee, nikutilie?"

"Nimefunga."

"Wewe? Hata Kwaresima hujapata kufunga!"

Wakacheka tena. Nikashuka ngazi na balbu nzima mfukoni.

Saa tano kasoro dakika tano nilifika kwenye bodi. Niliishusha swichi namba tatu. Nikahesabu pumzi thelathini, nikaipandisha.

Koplo ameweka kalamu mezani, ananiuliza, "Baba, unajua unachokisema?" Ameniambia pia kwamba silazimiki kusema zaidi na kwamba nitakayoyasema yanaweza kutumiwa mahakamani. Najua, mwanangu. Okota kalamu. Na usiandike kwamba nilisahau, kwamba mkono ulifuata mazoea ya zamani. Nilijua zote tano zimo mle. Nilitaka zigome, nilitaka simu yangu ilie.

Haikulia, kwa sababu ya simu ni mojawapo ya mbili ambazo hazikuamka. Nyingine ni ya mapokezi. Saa tano na robo basi likashusha wageni 43 kutoka uwanja wa ndege, na hakuna aliyejua nani analala wapi. Wazungu wazima waliketi juu ya masanduku yao kwenye jua. Bi Jumwa alikuwa akiandika majina kwenye karatasi ya kufungia mkate, anayakata na kuyaandika upya. Sijapata kumwona hivyo, hata siku ya matanga ya mumewe.

Masila alikimbia kutoka stoo, alikokuwa peke yake anatafuta waya. Akaitazama bodi, kisha akanitazama mimi. Nikasema, "Labda ni umeme wa serikali." Akageuka kuchungulia nyumba ya kufulia. Mapanka ya dari yalikuwa yanazunguka vizuri.

Meneja akasema chumba kina ufunguo mmoja, nao uko kwa Masila, na swichi inajulikana na yeye peke yake. Akakumbuka kwamba wiki iliyopita Masila aliomba mkataba mrefu. "Ametuzima ili tumbembeleze," akasema. Saa nane mchana polisi walimchukua. Jumatatu anapelekwa mahakamani Kwale, na fundi aliyetuhumiwa kuharibu mashine ya tajiri wake hataruhusiwa kugusa hata redio ya kinyozi.

Jana Ijumaa, saa tano asubuhi, Koplo alikuja hotelini kutuhoji. Alisema mbele yetu sote kwamba Masila amekana, ila ameshikilia kuwa hakuna mwingine aliyeijua ile swichi. Bi Jumwa akasema, "Mtoto yule hawezi. Ni rika la mwanangu wa kwanza, namlisha kama ninavyomlisha wangu." Mwanawe! Na mimi mwezi mzima nimekuwa nikijinyoa ndevu kila siku kwa ajili ya kushindana na mtoto.

Masila anamjua aliyeshusha swichi. Alijua tangu aliponitazama. Akafunga mdomo, akaenda ndani. Nimekaa na jambo hilo tangu jana. Amenichukulia mashine zangu, amekinywea kikombe changu, na sasa anataka kunishinda hata kwa wema. Hilo simwachii. Mtoeni.

Nimeyasema haya nikiwa na akili zangu, bila kupigwa wala kupewa soda. Nimesomewa, nimemsahihisha Koplo mahali pawili, na mengine yote ni yangu.

Sahihi: Z. K. Baya
(Alikataa kuweka dole gumba. Alichukua dakika nne kuandika jina.)

MAELEZO YA AFISA: Nimethibitisha kwamba maelezo haya yametolewa kwa hiari, na onyo lilitolewa kama lilivyoandikwa. Kuanzia leo saa nne na dakika ishirini mtajwa si shahidi tena bali mtuhumiwa, na jalada limerekebishwa. Kabla ya kumfungulia Masila Kisilu nilimwuliza kwa nini hakumtaja mzee. Alijibu, "Hiyo sakafu ya seli si ya mtu wa umri wake, afande." Nilimfikishia mzee jibu hilo. Alisema, "Unaona? Amenishinda tena."

Koplo Mbodze Ngala