Laini Inayofika kwa Minza

Alhamisi, mwezi wa kumi na moja, 1999
Kambarage, Shinyanga

Leo jua limewaka kama lina ugomvi na sisi. Asubuhi mawingu yalikuja kutoka upande wa ziwa, yakatuangalia, yakaondoka. Vumbi limeingia mpaka kwenye maji ya kunywa. Nimekaa chini mlangoni na daftari hili, herufi zinatoka nje ya mstari. Mwalimu wetu wa kisomo cha watu wazima angenigombeza.

Leo nimesikia mwanangu akipigwa. Sikusimuliwa. Nimesikia kwa sikio langu hili la kulia.

Na aliyechochea ni mimi.

Ngoja nianzie mwanzo, maana nikirukaruka nitajificha.

Minza ni mtoto wangu wa kwanza. Anaishi machimboni, karibu na Bulyanhulu, na mume wake na mjukuu wangu Holo. Huyo mume ana sehemu yake kwenye duara, lile shimo wanaume wanashuka kwa kamba kutafuta dhahabu. Kule ngumi ni kama salamu. Watu wanagombea mfuko wa mawe, mmoja anampasua mwenzake kichwa kwa sururu, jioni wanakunywa pamoja, aliyepasua na aliyepasuliwa. Baba Holo anayabeba yale anakuja nayo nyumbani. Duara likitoa, anampiga mke kwa sababu amelewa. Lisipotoa, anampiga kwa sababu hajalewa.

Mwezi wa nane alimvunja mkono. Habari ilinifikia siku ya kumi na mbili, kwa mdomo wa dereva wa lori la mchele. Nilipofika, mfupa ulikuwa umeshaunga vibaya, mkono umepinda kama mpini wa jembe. Siku kumi na mbili mwanangu analia, na mimi niko barabarani nauza karanga, nacheka na wateja. Nilimwambia turudi nyumbani. Akasema, mama, ng'ombe wa mahari walishatolewa, nikiondoka Holo anabaki kwa baba yake.

Nilirudi peke yangu. Ndani ya gari nikaapa kwamba siku nyingine nitajua siku hiyo hiyo.

Ndiyo hii simu. Mdogo wangu wa Mwanza alinunua mpya, ya zamani akanipa mimi, nzito, ina antena kama udevu wa mende. Akaniambia, "Dada, huu ni mwili tu. Roho utainunua huko Shinyanga." Roho ni laini.

Nilikaa dukani kwa Bwana Jivan, muuza simu wa mjini, mpaka mke wake akaniletea chai. Nilimuuliza maswali kama ninayemchagulia binti mchumba. Kwanza akaniambia hakuna karatasi ya deni ya kila mwezi, unanunua kadi, unaikwangua, unaongea, ikiisha unanyamaza. Hapo nikaelewa. Halafu akaweka laini mbili juu ya meza ya kioo.

"Mama Minza, kuna inayokaa na kuna inayotembea. Hii inayokaa ni kama mke mtulivu, hapa mjini itakusikilizisha mpaka jikoni kwako, ila ukiipeleka nje ya mji imekufa. Hii nyingine inatembea. Kahama ipo, Mwanza ipo. Lakini huko Kambarage kwenu, sijui. Itakusumbua."

Nikamuuliza kwa Mama Rehema machimboni iko ipi. Mama Rehema ana duka la vyakula karibu na kwa Minza, ana simu ya kukodisha, na watu wanamlipa wapige. Bwana Jivan akacheka.

"Kule ni inayotembea tu. Tena hizi mbili hazisalimiani. Ukichukua inayokaa, huyo mama hakupati."

"Basi nipe inayotembea."

"Nyumbani kwako haitashika."

"Simpigii mtu wa nyumbani kwangu," nikamjibu.

Kweli ndani haishiki. Nilizunguka nayo uwanja mzima nimeinyanyua juu, majirani wakasema Mama Minza anatafuta mvua. Inashika sehemu moja tu, juu ya lundo la tofali za jirani yangu Mama Doto ambazo hajazijengea. Hapo vinatokea vijiti viwili. Basi nikahamishia karanga zangu pale. Nakaa juu ya tofali kutwa nzima, simu mapajani, kama kuku anayeatamia. Alhamisi saa nane ndiyo siku yetu, lakini nilimwambia Minza apige wakati wowote.

Leo saa nane ililia.

"Mama." Alikuwa ananong'ona. "Leo ameamka vibaya. Ameshuka shimoni hajala, amepanda hana kitu. Ananitafuta."

Kabla sijajibu nikasikia sauti ya mwanaume nyuma yake. "Unaongea na nani?"

"Na mama."

"Mama yako yuko Shinyanga. Lete hapa."

Na ile sauti ikaingia sikioni mwangu. "Haloo."

Hapa ndipo penye kosa langu, na lazima niliandike kama lilivyo.

Yule ni mkwilima wangu. Mume wa binti yangu. Kwetu Wasukuma mkwilima na mama mkwe hawatazamani, hawapeani mkono, hawali pamoja. Akija, mimi napita nyuma ya nyumba. Tukikutana njiani mmoja anaingia porini. Salamu zake zinaletwa na mtoto, na majibu yanarudi na mtoto. Hata mwezi wa nane nilipokwenda kuuona ule mkono, nilifikia kwa Mama Rehema, yeye akakaa shimoni mpaka nilipoondoka. Miaka tisa sijawahi kumwambia neno moja. Na leo anahema ndani ya sikio langu, karibu kuliko hata marehemu mume wangu alivyokuwa akininong'oneza.

Nilinyamaza.

Nilijifunika uso na kanga, pale juu ya tofali, jua lote lile, wateja wananitazama. Nikazuia na pumzi ili asinisikie nikihema. Hivyo ndivyo nilivyolelewa. Mwili wenyewe ulifanya kabla mimi sijafikiri.

"Haloo. Sema. Wewe nani?"

Nikasikia akimgeukia Minza.

"Unaniambia mama, mbona haongei?"

Nikamsikia Minza kwa mbali. "Hawezi kuongea na wewe. Unajua mwenyewe kwamba hawezi."

Akacheka. "Kwenye simu kuna ukwe gani? Huyu ni mwanaume. Mwanaume mzima, ananyamaza kama mwizi."

Nikasikia kofi. Kofi nalijua. Halafu kitu kingine, kizito, kama gunia linaposhushwa sakafuni. Makopo yakaanguka. Kila baada ya pigo anarudi kwenye simu, "Sema sasa, sema nimwache huyu nikuue wewe," halafu anamrudia. Minza hakulia. Alikohoa, kikohozi cha maji. Neno moja tu la kwangu lingetosha. Nilifungua mdomo. Nakuapia daftari, nilifungua mdomo, na sauti haikutoka.

Simu ikakatika.

Nilipopata akili nilikuwa nimejing'ata mkono, kanga ina damu. Nikaingia ndani nikachukua panga la kuni, nikaanza kulinoa kwenye tofali. Nililinoa vizuri. Sitasema uongo humu, nilikuwa naona shingo yake. Nilikuwa nachagua upande.

Mama Doto akaja akasimama mbele yangu. Hakuuliza kitu. Akaokota kadi niliyokuwa nimeiangusha, akaikwangua yeye kwa ukucha, akanisomea namba moja moja, maana mimi macho yalikuwa yamejaa. Nikapiga.

Mama Rehema akapokea, anahema. "Mama Minza, yuko hai. Jino limetoka, sikio linatoka damu, ila anapumua na ananisikia. Wanaume wa duara wamemkamata huyu mumewe. Wamemfunga kwa ile kamba yao ya kushukia."

"Mwekee simu sikioni."

"Nani? Minza?"

"Yeye. Mkwilima."

Mama Rehema ni Mmanyema wa Kigoma, lakini amekaa na sisi miaka mingi, anajua. Akauliza, "Una hakika?"

Nikasikia nyayo, wanaume wanabishana, kisha ile pumzi tena.

"Baba Holo," nikasema. Sauti ilitoka nene, si yangu. "Ni mimi, mama yake Minza. Aliyenyamaza ni mimi, hapakuwa na mwanaume. Nilikunyamazia kwa heshima, na wewe heshima yangu umeigeuza fimbo ya kumpigia mwanangu. Haipo tena. Kesho nakuja kumchukua Minza na Holo wote wawili. Ng'ombe tutazungumza wazee wakikaa, mjukuu wangu simwachi. Usijifiche shimoni."

Mama Rehema aliporudi kwenye simu akaniambia kwamba Baba Holo alitaka kujifunika uso, mikono imefungwa, basi akauchomeka vumbini kama mtu anayetafuta sindano. Wenzake waliokuwa wanacheka wakaacha kucheka.

Halafu wakampa Minza. Maneno yalikuwa yanatoka mazito, mdomo umevimba.

"Mama, umeongea naye?"

Ndicho alichouliza. Si jino, si sikio. Nikamwambia ndiyo, ng'wanawane, mwanangu, nimeongea. Akaanza kulia, kilio kile cha utotoni, na mimi nikamwacha alie mpaka kadi ikaisha.

Basi la Kahama linatoka alfajiri. Kadi mbili nimezishona kwenye pindo la gauni. Laini yangu inatembea, kwa hiyo kila watakaposimamisha gari nitashuka niwashe simu, nimuulize Mama Rehema kama Minza bado anapumua. Wataniona mwehu. Sawa.

Panga silioni. Mama Doto amelificha, na mimi sijamuuliza amelificha wapi. Nadhani ni vizuri nisijue mpaka gari liondoke.

Najiuliza kama akina mama wa kwetu watanisema. Watanisema. Najiuliza kama ningeongea mara ya kwanza, lile jino lingekuwepo. Hilo litakaa na mimi.

Miaka tisa nimekuwa nikiyaona magoti yake tu, na viatu vyake. Sijui hata macho yake yakoje. Kesho nitasimama mbele yake bila kanga usoni, na nitayatazama mpaka yeye ndiye ainame.