Swali Lako Lilikuwa Moja: Inavuta?

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha uani,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na binti yenu, na kwamba lile jino lililokuwa likikunyima usingizi umekwisha kuling'oa. Sisi huku tu wazima. Mama bado anasumbuliwa na magoti asubuhi, lakini jua likipanda anatembea mwenyewe hadi dukani na kurudi na habari za mtaa mzima. Mvua imekatika. Paa la jikoni nimeliziba mwenyewe na halivuji tena.

Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu wewe huongea na mimi huitikia.

Juzi mama mdogo alikuja kumjulia hali Mama. Tulikuwa tunakunja nguo, akaniambia kwa upole ule wake unaouma, "Kumbe gari ulichagua wewe. Kaka yako anasema aliwaambia mnunue linalovuta." Nilimaliza kukunja shuka. Mama alikuwa palepale, akageuza uso akatazama dirishani. Kaka, hilo ndilo lililonikalisha mezani leo. Boti ya baba imekwenda, nitakueleza ilivyokwenda, lakini sitaki iende pamoja na jina langu.

Unakumbuka kwamba wezi wa mashine walipozidi, wakubwa wa gati walikataza boti kulala majini. Kila jioni mwenye boti aivute kwake. Nilikuwa nakodi trekta la kiwanda cha matofali, na lilipouzwa ndipo tukakuomba utusaidie kununua gari kuukuu, la bei ndogo, la kuvutia boti. Kazi yenyewe unaijua: asubuhi kuwavusha walimu na wauguzi wanaofanya kazi ng'ambo ya ziwa, jioni kuwarudisha. Ndiyo iliyokuwa ikitulisha mimi na Mama, na ndiyo kazi pekee ambayo baba alinifundisha kwa mkono wake.

Nilitafuta gari kama ninavyofanya kila kitu, si ndiyo maana mnaniita Kipimo. Kwanza niliipeleka boti kwenye mzani wa malori pale kiwandani, ikiwa juu ya tela, na mashine yake, na tangi limejaa, ili nijue uzito wa kweli na si wa kukisia. Kisha nikazunguka yadi za magari. Nililala chali juu ya gunia nikagonga chasisi kwa bisibisi mpaka wauzaji wakaanza kunikimbia. Mwishowe nikapata pikapu ya dizeli yenye gia za mkono, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, na ndoano ya tela imechomelewa kwenye chasisi yenyewe, si kwenye bampa. Milango ilikuwa imeliwa na kutu, na kiti cha abiria kilikuwa kreti la soda lililofunikwa blanketi. Nilikuandikia yote hayo tarehe tatu Machi. Nimeangalia kwenye shajara yangu ili nisikusingizie.

Hukunijibu mimi. Ulimpigia binamu yetu Suti, kwa kuwa yeye ni mwanamume na ana leseni. Leseni hata mimi ninayo. Suti akaenda kuiona pikapu akiwa na lile koti lake la kila siku, akaizunguka bila kuigusa, akasema, "Kipimo, tukienda na hii msibani watatupisha mbele, watadhani sisi ndio tumebeba marehemu." Nilicheka, kwa maana Suti anajua kuchekesha. Wewe nawe ukasema hutaki watu wamwone mama yako ndani ya mkweche.

Hivyo Suti akaleta gari alilolipenda yeye: dogo, rangi ya maziwa, gia za otomatiki, viti vya ngozi, redio inayowaka taa za buluu. Nilimweleza kwamba hili linasukumwa na magurudumu ya mbele, na kwamba uzito wa tela ungelikandamiza mkia na kuliinua pua, na pale kwenye mteremko wa zege, penye utelezi, magurudumu hayo yasingeshika kitu. Akaniambia nisimfundishe gari. Akakupigia mbele yangu, akaweka spika ili nisikie.

Swali lako lilikuwa moja. "Inavuta?"

"Inavuta, kaka," akajibu. "Ukikanyaga mafuta, kiti kinakusukuma mgongoni."

"Basi chukua."

Neno ni hilohilo moja. Wewe ulikuwa unauliza habari ya boti, na yeye alikuwa anajibu habari ya barabara ya lami. Mimi nilikuwa nimesimama katikati yenu na maana zote mbili nilizisikia. Nikasema, "Kaka, subiri, hamwelewani." Ukaniambia, "Kipimo, acha ubishi. Mambo ya magari waachie wanaume." Ukakata simu.

Asubuhi ya kwanza tuliteremsha boti bila shida, maana kuteremka hakuhitaji nguvu. Suti akapigiwa makofi pale gatini, akainama kama bwana harusi. Jioni nilirudi na abiria wangu, tukaipandisha boti kwenye tela, tukaifunga. Walimu na wauguzi walisimama na mikoba yao wakitazama. Suti akakanyaga mafuta. Magurudumu ya mbele yakazunguka bure juu ya ule utelezi wa kijani, na mchukuzi mmoja akasema, "Kweli inavuta. Inavuta moshi." Watu wakacheka. Nadhani ni kicheko kile kilichommaliza Suti. Nilimwambia avute breki, tufungue tela, tuipandishe kwa kamba na watu. Akazidi kukanyaga. Ikaja harufu ya kuungua, gari likalegea, likaanza kurudi nyuma lenyewe. Tela likajikunja, na boti ikaangukia ubavu juu ya ukingo wa zege.

Nilikuwa nimesimama majini hadi kiunoni. Mlio ule bado ninao masikioni.

Muuguzi mkuu alinishika mkono. Juma lililofuata walikuwa wamepata mtu mwingine wa kuwavusha. Siwalaumu, wagonjwa hawawezi kungojea gari letu.

Giaboksi imekufa. Gari liko mbele ya nyumba, bado linang'aa, na Mama huanika vitambaa vyake juu ya boneti. Jioni nyingine Suti huja, hukaa ndani yake na kusikiliza redio.

Pikapu ilinunuliwa na mwashi wa mtaa wa nyuma, ya kubebea matofali yake. Ulipotuagiza boti iuzwe hivyohivyo na ufa wake, ni yeye peke yake aliyeitaka. Jana alikuja kuichukua. Mlango mmoja ameufunga kwa waya, na lile kreti bado lipo. Alirudi nyuma taratibu mpaka ndoano ikakutana na tela, akashuka, akafunga, akakagua mnyororo, akapanda. Akaondoka kwa gia ya kwanza, akaupanda mlima wote wa shuleni bila kusita, na boti ya baba ikimfuata. Mama alisimama mlangoni, na hakurudi ndani mpaka ilipopotea kwenye kona.

Atauziba ule ubavu, aifanye ya kubebea mchanga. Ameniuliza kama nitamwendeshea, kwa sababu yeye hayajui maji. Nimekubali. Asubuhi nitaingia kwenye boti ya baba kama kibarua, na jioni nitamkabidhi mwenyewe ufunguo wake.

Sikuombi gari jingine, wala sikuombi boti. Nakuomba umpigie Mama. Usinipigie mimi, wala Suti. Mpigie Mama umwambie ni nani aliyechagua. Maneno machache yatatosha, na mama mdogo atayapata siku hiyohiyo. Na kwa kuwa swali lako halijawahi kupata jibu la kweli, nakujibu leo. Ile pikapu ya kutu, Kaka, inavuta.

Nisalimie shemeji, umwambie Mama haivui ile shali aliyomtumia, hata jua likiwa kali. Mpakate binti yenu kwa niaba yangu. Mama mdogo anakusalimu. Suti pia anakusalimu, ingawa hajui ninakuandikia nini. Mungu akuhifadhi huko uliko, akupe kazi isiyokuumiza mgongo, na akupe watu wa kukusikiliza unaposema subiri.

Ni mimi mdogo wako, ambaye kukupenda sijaacha,

Kipimo