Pickup ya Khisa Iliyonukia Kuku

Peris, uko? Kaka yangu Khisa ametuaibisha Kitale kwa kina Mukami, msichana anataka kuoa, na ndiyo mara ya kwanza tunaonana na wakwe.

Si unajua dizeli ilipopanda akaanza kujitengenezea bayodizeli kwa pipa, na ile mafuta inabaki akikaanga kuku pale hoteli yake Kibabii. Kila siku ni kujisifu ati injini haijui tofauti.

Injini haijui. Pua za watu zinajua.

Tumeingia boma na pickup yake, moshi ikatangulia. Kila mahali ikanukia kuku. Mama Mukami akatabasamu, akaenda kusonga ugali kubwa, ati watu wa Bungoma hawakujangi mikono mitupu.

Na sisi tulibeba sukari na unga tu.

Ugali ikaletwa. Tukaiangalia. Ikapoa. Baba Mukami akauliza polepole, "Kuku mmekulia njiani?"

Njiani, bana. Khisa akaanza kufundisha: dizeli ni bei, gesi asilia ni safi lakini mitungi inamaliza nafasi ya mizigo na huku hakuna pa kujaza, ndiyo akachagua mafuta ya kuku.

Mzee akachungulia pickup kwa dirisha. "Kwa hivyo kuku yetu ilikuliwa na gari."

Khisa akasema ndiyo. Ati ndiyo, Peris.

"Basi gari ndiyo ioe."

Sahii tuko sokoni tunatafuta kuku, kwa miguu. Funguo za pickup amebaki nazo mzee, ati mkwe wake hawezi ondoka kabla ya kula ugali.