Kwa Nini Uliruka Meru, Zakaria

Tunduma, Jumatano

Zakaria,

Jumapili iliyopita, ibada ilipokwisha, baba mkwe wako Mzee Simioni alisimama nje ya kanisa la Iyula akasema kwamba hukufa kwa ugonjwa. Nilikuwa karibu naye, nikamsikia vizuri. "Kijana alikuwa mzima jioni," alisema, "asubuhi tukamkuta amekufa. Jambo hilo lina mtu." Hakutaja jina. Waliomzunguka walimsaidia kulitaja: shangazi yako Tabitha, mjane wa Hasamba.

Jumbe wa Hasamba ameitisha kikao Jumamosi hii. Hakiiti kesi ya uchawi, maana anaogopa habari zisifike bomani. Anakiita mazungumzo ya ukoo. Lakini kila mtu anajua mazungumzo hayo yataishia wapi. Shangazi ataambiwa aondoke, aache nyumba na mibuni yake, aende kuishi kwa ndugu zake ng'ambo ya mpaka, Rodesia ya Kaskazini, watu ambao hajawaona tangu alipokuwa msichana.

Ushahidi wao ni maneno aliyokuambia siku uliyokwenda kumuaga. Nilikuwepo. Ulimwambia ukifika Moshi utapanda Kilimanjaro, naye akakujibu kutoka jikoni, "Nenda basi, kauoe huo mlima wako!" Ulicheka mpaka ukashika ukuta. Alikutania hivyo tangu ukiwa mtoto, na ulipomwoa Debora alikuuliza mbele ya wageni kama mlima umekukubalia kuoa mke wa pili. Sasa watu wa Hasamba wanayarudia maneno hayo bila kucheka.

Nilikwenda kumwona jana. Alikuwa anachambua maharage. "Mwanangu," aliniambia, "mlima huo mimi nimeuona kwenye kalenda tu. Nitaulogaje?"

Nina hasira na watu wengi, lakini nianze na wewe.

Milima tuliichagua pamoja. Tulisimama nyuma ya shule yako Iyula, asubuhi zile ambazo hewa ni safi na Mlima Mbeya unaonekana, tukabishana. Mimi nilitaka tuanze na ya karibu. Wewe ulitaka milima ya moto tu, iliyopata kutapika mawe. Nilikutajia Ngozi, ukasema lile ni shimo lenye maji, na mtu hapandi shimo. Ukanitajia Lengai kule kwa Wamasai. "Nataka kuuona mlima unaopika," ulisema. Nikakuuliza maji ya kunywa atabeba nani. Lengai ukaisha hapo.

Mwishowe tulikubaliana: Mbeya, Rungwe, Meru, Kilimanjaro. Mmoja kila kiangazi, kutoka mfupi kwenda mrefu. Mbeya haukuwa wa moto, ukaukubali kwa shingo upande kwa sababu ulikuwa mlangoni. Mpango wa kupanda ngazi kwa ngazi haukuwa wangu, ulikuwa wako. Ulisema kifua kinafundishwa kama darasa la kwanza linavyofundishwa, na kwamba hujawahi kumpandisha mtoto aliyeruka darasa. Ulisema Meru ndiyo itakayotuambia kama tunafaa kwenda kwenye barafu. Nilikuamini kwa sababu ulikuwa mwalimu, na kwa sababu mpango ulikuwa na akili.

Mbeya tulipanda. Rungwe tukapanda, na kule kwenye mianzi nilipoanza kuhema ulinitazama ukasema, "Kaa chini, unapumua kama ng'ombe wa plau." Nikakaa. Sikuona haya hata kidogo. Na wewe mbele yangu ulilalamikia kila kitu: kiatu, mgongo, baridi, viazi nilivyovitoa motoni vikiwa vibichi. Sijapata kuona mtu anayelalamika kama wewe njiani. Kwa hiyo usinifanye niamini kwamba hukujua kusema "naumwa".

Kisha wakulima wa kahawa wa Mbozi wakachagua watu wa kwenda Moshi kuona Wachaga wanavyotunza mibuni yao. Wakakuchagua wewe, na Mzee Simioni. Ulinitafuta hapa Tunduma, nikiwa kwenye kituo cha malori naandika habari za vijana wanaovuka kwenda kwenye migodi ya shaba, ukaniambia, "Nitakuwa chini yake kabisa. Nirudi bila kupanda?" Nikakuuliza, "Na Meru?" Ukanipiga begani. "Meru itakusubiri wewe."

Uliiruka Meru, Zakaria. Uliliruka darasa uliloliweka mwenyewe.

Yaliyofuata sikuyaona. Nilikwenda Marangu kuyauliza, nikazungumza na Elia, Mchaga aliyewaongoza. Alinipeleka kwenye kaburi lako nyuma ya kanisa lao, kisha tukakaa barazani kwake akanieleza. Nakuandikia alivyosema, sikuongeza kitu.

Alisema Mzee Simioni hakuwa kwenye safari ya kupanda. Aliamua siku ileile ya kuondoka, alipouona mlima umefunguka, akasema na yeye anataka kwenda kusali juu. Elia anasema uso wako ulibadilika, lakini ulisema, "Karibu, baba."

Hapo ndipo ulipotakiwa kuahirisha. Wewe ni Mnyiha, unajua tulivyo. Kwetu mtu hausemi mwili wake mbele ya baba mkwe. Hasemi njaa, hasemi tumbo, hasemi nimechoka. Akiketi yeye nawe unatafuta pa kuketi asipokuona. Adabu hiyo ni nzuri kwenye karamu. Uliibeba mpaka mahali ambapo mtu anatakiwa aseme kila kinachomuuma, tena mapema.

Elia alikuuliza kichwa chako kikoje. Ulisema kizima. Alikuona ukizunguka nyuma ya jiwe kutapika, ukarudi ukifuta mdomo na kusema ulikwenda kutazama maua. Mlipofika kibanda cha mwisho, Mzee akapewa kitanda, na wewe ukakataa kuingia. Elia alidhani kuna ugomvi kati yenu. Nilimweleza kwamba hakukuwa na ugomvi, kwamba kwetu mtu na mkwewe hawalali chumba kimoja. "Kwa hiyo alilala kwenye banda la kupikia kwa sababu ya heshima?" aliniuliza. Nikasema ndiyo.

Ungelala ndani, Elia angekusikia unavyopumua. Anasema ugonjwa ule wa mlimani una sauti, kifua kinachemka kama chungu, na kila kiongozi wa njia anaijua. Dawa yake ni kumshusha mtu palepale, hata kwa kumbeba. Wewe ulikohoa peke yako penye majivu.

Sasa nafika kwa Mzee Simioni. Jioni ile, kabla hamjalala, Elia alimwambia waziwazi: "Mzee, mwambie mkweo ashuke. Simpendi alivyo." Mzee akajibu, "Yeye ni mwanamume, anajua mwili wake." Maneno hayo Elia ameniambia mara mbili, nami nikamuuliza tena mara ya tatu, hayakubadilika. Na naye namwelewa, jambo ambalo linanikasirisha zaidi. Kukuambia "unaumwa" kungekuwa kuutaja mwili wako, na yeye pia alifundishwa asiutaje. Mlikuwa watu wawili wenye adabu juu ya mlima, kila mmoja akimwona mwenzake na kutazama pembeni.

Lakini Jumapili hakuwa mlimani. Alikuwa nyumbani, kwenye ardhi anayoijua, akipumua vizuri, akasema ulikuwa mzima jioni. Huo ni uongo. Aliambiwa hukuwa mzima. Ameona ni rahisi mjane mmoja wa Hasamba akose nyumba kuliko yeye kutamka kwamba alionywa.

Nilimwandikia mhariri wangu wa gazeti habari yote. Alichapa mistari michache chini ya bei ya kahawa: mwalimu wa Mbozi amefariki akiwa safarini Moshi. Nilipomuuliza kwa simu mbona ameikata, alisema wasomaji hawana haja na mambo ya wakwe. Kama angeichapa, jumbe angekuwa nayo mkononi leo. Na mchungaji, aliyejua unapanda na akakuombea safari njema, Jumapili hiyohiyo alihubiri kwamba milima imeumbwa itazamwe. Alisema hayo Mzee Simioni akiwa kiti cha mbele, akiitikia kwa kichwa.

Mpaka jana mchana nilikuwa sijaamua. Mzee Simioni ni baba wa Debora, na Debora sasa amerudi kuishi kwake pamoja na mwanao. Nikimwaibisha mzee mbele ya kikao, mkeo atakula chakula cha nyumba ile kwa shida. Nikaenda kumwuliza mwenyewe. Alikuwa anatwanga. Hakuacha kutwanga nilipokuwa namweleza, na nilipomaliza akatwanga tena kidogo, kisha akasema, "Shemeji, ninyi wawili mlijua sana kuchagua milima. Basi chagua na hili. Baba akikasirika, atakasirika akiwa nyumbani kwake. Shangazi atakuwa barabarani." Nikamwuliza kama ana ujumbe kwako, nikikuandikia. Akasema, "Mwambie nilimfulia sweta. Angelala nalo ndani."

Kwa hiyo Jumamosi nitasimama. Sitahubiri, sitamwita mtu mwongo. Nitamwuliza Mzee Simioni swali moja, kwa sauti, kwa Kinyiha, ili hata bibi waliokaa nyuma wasikie: "Mkweo alilala wapi?" Hawezi kulijibu kwa uongo, maana anajua nimefika Marangu. Akisema banda la kupikia, hapatakuwa na mtu kwenye uwanja ule atakayehitaji kuelezwa kwa nini, wala kwa nini hakuna aliyekusikia ukiugua. Kila mwanamume pale ana baba mkwe. Akinyamaza, nitalijibu mimi, kisha nitawaambia Elia alimwambia nini jioni ile.

Nawe nakuahidi hili. Kiangazi kikija nitakwenda Meru. Sitaiacha kwa sababu wewe uliiacha. Nitapanda na mtu asiyekuwa ndugu wala mkwe, nitakwenda taratibu, na kichwa kikianza kuniuma nitasema kwa sauti, hata kama kiongozi atanicheka. Nikishuka salama ndipo nitakapofikiria kupanda Kilimanjaro, kule uliko. Nitapita kaburini kwako kwanza, nikueleze ulichokikosa.

Kaa vizuri huko, rafiki yangu. Bado sijakusamehe.

Kikao ni Jumamosi asubuhi, nyumbani kwa jumbe, Hasamba. Nitalala kwa Shangazi Ijumaa ili twende pamoja. Amesema ataleta ile kalenda uliyompa, awaonyeshe mlima ulivyo, maana katika wote wanaosema ameuloga hakuna hata mmoja anayejua kama uko Moshi au Mombasa.

Ni mimi mwenzako wa Rungwe,
Yeremia