Namna Haverdine Ilifika Saio

Mujukuu wangu Neema,

Siye huku Saio, mutaa wetu wa Bunia, tuko wazima. Baba yako mudogo anaendesha tena pikipiki yake, na bunduki zimenyamaza tangu Pasaka. Tunalala, lakini viatu iko karibu na kitanda.

Unasema kule Uingereza umekuta jina yako, Haverdine, iko mu kijiji moja tu, kisha hapa Bunia. Unauliza kama wale wazungu ni ndugu zetu. Hapana.

Baba yako alizaliwa mu utulivu kama huu. Kwetu mutoto wa kwanza wa kiume anabeba jina ya babu yake. Lakini kwenye barieri za njiani watu wa bunduki walikuwa wanasoma karte za kitambulisho, na jina ya baba yangu ilionyesha kabila yetu. Nilikuwa kijana, niliogopa. Nikaandikisha jina ya mama Mwingereza aliyemuzalisha muke wangu. Majirani wakaona, nao wakafanya vile. Hawa akina Haverdine wa Saio na wa Shari, jirani yetu, hawana damu moja. Wazazi wao waliogopa kama miye.

Baba yangu alimubeba mutoto, akauliza, "Na miye nitabakia kwa nani?" Hakumuita Haverdine hata siku moja.

Jina ya baba yangu ndiyo ungeibeba weye. Nataka uijue. Lakini barua hii itapita kwa mikono ya watu wengi mbele ifike kwako, basi siiandiki. Siku utakuja, nitakuambia kwa sikio.

Koko yako